Siku yangu na chembe moja ya chuma

Saa 11 alfajiri. Naingia hangari hapa Aberdeen, Scotland. Nje bado giza, upepo wa Bahari ya Kaskazini unatikisa milango. Mimi ni fundi wa helikopta, mzaliwa wa Tanga. Helikopta zetu hupeleka wafanyakazi kwenye mitambo ya mafuta baharini: marubani wawili, abiria hadi 19.

Saa 11:40. Nachomoa plagi ya sumaku kwenye giaboksi kuu, ile inayozungusha mapanga ya juu. Kazi ya sumaku ni kunasa vyuma vilivyomo kwenye oili. Siku nyingi nikiifuta kwenye kitambaa cheupe huacha tope jeusi jembamba kama masizi, na hilo halina neno. Leo imebaki chembe bapa, ndogo kuliko punje ya mtama, upande mmoja unang'aa. Naigeuza kwa kibanio chini ya lenzi. Kingo zake kali. Hii haikusagika, imebanduka mahali.

Saa 12:15. Namwambia msimamizi wa zamu kwamba helikopta hii hairuki. Abiria wameshavaa suti zao za kujikinga na maji baridi, kule baharini wenzao wanasubiri kubadilishana zamu, na helikopta ya akiba haipo. Ananiuliza kama nina hakika kuna ubovu. Sina, na ndiyo maana sitii saini.

Watu hudhani hatari ya safari hizi ni mawimbi na ukungu. Mawimbi rubani anayaona. Tarehe 25 Machi 2009, hapahapa Scotland, chembe ya chuma ilikutwa kwenye giaboksi ya helikopta moja aina ya Super Puma. Ikakaguliwa, ikaendelea kuruka. Siku saba baadaye giaboksi ilivunjika angani, mapanga yakang'oka, na watu wote 16 wakafa baharini karibu na Peterhead. Marubani wake hawakuwa na la kufanya tena. Mimi chembe hiyo huikumbuka kila ninaposhika kitambaa.

Saa 1:30 asubuhi. Kapteni anakuja, anainama kwenye lenzi, anatazama kimya kwa muda mrefu. Kisha anakwenda mwenyewe kuwaeleza abiria. Nimemshukuru sana kwa hilo.

Saa 3 hadi saa 9 tunamwaga oili, tunafungua chujio na kulipekua kunjo kwa kunjo. Chembe nimeifunga kwenye mfuko, imekwenda maabara wakajue ni chuma cha gia au cha beringi. Hatukupata nyingine, lakini moyo haukutulia. Huko Turøy, Norway, Aprili 2016, ufa ulikua ndani kwa ndani ya gia ya helikopta nyingine. Sumaku haikutoa onyo, vipimo vya mitetemo navyo kimya, wakafa watu 13. Vifaa hivi nilivyonavyo havioni kila kitu. Vinapoona, siwezi kuvipuuza kwa sababu ya ratiba.

Saa 12 jioni. Napiga simu nyumbani. Tanga ni saa 3 usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo wamerudi wote?"

Huuliza hivyo kila siku, kabla ya kuniuliza kama nimekula.

"Wamerudi wote, mama. Mmoja hakutoka."

Majibu ya maabara bado. Kadi nyekundu ya kukataza kuruka, niliyoifunga asubuhi kwenye usukani wa rubani, inalala palepale.