Dramu zinaingia dakika ya nne

Wiki iliyopita, usiku wa Jumanne, mpwa wangu aliniita kwenye kompyuta. "Mjomba, hebu njoo uone hawa wazee wako wanavyokimbia."

Tulikuwa wawili tu studio, hapa Mwananyamala. Alikuwa ameuingiza wimbo wa bendi ya roki ya Uingereza, Led Zeppelin, "Stairway to Heaven", kwenye programu anayotengenezea biti, akaulaza juu ya gridi, ile mistari iliyosimama inayoonyesha kila pigo liangukie wapi. Mwanzoni, gitaa likiwa na filimbi tu, alihesabu mapigo sabini na kitu kwa dakika. Akasogeza mbele. Kadiri wimbo ulivyokwenda mapigo yalizidi kuitangulia mistari, na ulipofika kwenye solo la gitaa mwendo ulikuwa unakaribia 100. "Hapa kliki haikuwepo," akasema, yaani ule mlio wa kuhesabia mapigo anaousikiliza mpigaji akirekodi. "Ningekuletea mimi kitu kama hiki ungenirudisha nikarekodi upya."

Ni kweli, ningemrudisha. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, na ndilo lililonikalisha hapa kuandika.

Nina miaka 52, na huu ni mwaka wa 24 nakaa nyuma ya meza ya kuchanganyia sauti. Nakula kwa muziki wa sasa. Bongo Fleva ndiyo iliyosomesha watoto wangu. Lakini sikio langu lilifunguka Tanga, Barabara ya 12, kwa sahani moja ya santuri ambayo baharia mmoja alimwachia baba, aliyekuwa karani bandarini. Jalada lake halikuwa na hata neno moja. Kulikuwa na picha tu ya mzee aliyeinama na mzigo mkubwa wa kuni mgongoni, na mimi kwa akili za kitoto niliamini ni mzee wa Lushoto, kwa sababu huko ndiko nilikowaona watu wakishuka mlimani na kuni. Baadaye sana nilijua kuwa ile ni albamu ya nne ya Led Zeppelin, iliyotoka Novemba 1971. Sahani yetu ilikuwa na mchubuko, sindano iliruka palepale kila siku. Hadi leo nikiusikia ule wimbo popote, mwili wangu unasubiri kuruka.

Wenzangu wa rika hili wakishaanza kusema muziki wa zamani ulikuwa muziki na wa leo ni kelele, huwa nanyamaza, maana najua wengi hawajausikiliza wa leo. Mimi nasema kipindi kile cha roki, tuseme kati ya 1965 na 1977, kinaushinda muziki unaotamba sasa. Nasema hivyo kwa sababu moja, nayo si kipaji. Vipaji ninavyoviona vikipanda ngazi za studio hii havina upungufu wowote.

Sababu yangu ni kanda.

The Beatles walipoifanya albamu ya "Sgt. Pepper's" mwaka 1967, mashine za studio za EMI pale Abbey Road, London, zilikuwa na njia 4, yaani nafasi nne za kurekodia sauti, kila moja peke yake. Nne tu. Ukishaweka dramu, besi, gitaa na sauti, umejaza. Kwa hiyo walizichanganya zile nne, wakazihamishia kwenye mashine ya pili zikiwa zimekaa njia moja au mbili, ndipo wakapata nafasi ya kuongeza vingine. Ila ukishafanya hivyo, dramu na gitaa vimekuwa chai na sukari, huvitenganishi tena. Kama besi ilikuwa ndogo, itabaki ndogo. Kabla ya kuhamisha, wote mliomo chumbani lazima mtazamane na mmoja aseme: ndiyo hii.

Hiyo "ndiyo hii" naisikia ndani ya zile kazi. Naisikia waziwazi, kama ninavyosikia waya wa gitaa uliolegea. Kila chombo kimekaa mahali pake kwa sababu kuna mtu alikata shauri, saa ileile, damu ikiwa bado moto.

Mwezi uliopita nililetewa kazi yenye njia 118. Sauti ya kiitikio peke yake ilikuwa na marudio 31, yote yamehifadhiwa, hakuna hata moja iliyochaguliwa. Wimbo wenyewe ni mzuri, na huyo binti ana koo la ajabu. Nilikaa siku mbili nikifanya uamuzi ambao alipaswa kuufanya yeye siku anaimba. Nilichagua silabi hapa, pumzi pale, nikashona. Wimbo umetoka, watu wanaupenda. Mimi nikiusikia nasikia mishono.

Katika habari hizi tunaye mtu wetu. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, Septemba 5, 1946, na familia yake ikaondoka visiwani 1964. Dunia inamwita Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Sitaki kumdai kupita kiasi, maana muziki wake aliujengea Uingereza. Lakini kazi yake ni ushahidi mzuri kwa hoja yangu. Mwaka 1975, kwenye "Bohemian Rhapsody", Queen walikuwa na njia 24, utajiri mkubwa kwa wakati ule, na bado hazikutosha. Watu watatu, Freddie, Brian May na Roger Taylor, walirundika sauti zao moja juu ya nyingine mpaka wakawa kwaya nzima. May amesimulia kwamba kanda ilipitishwa mashineni mara nyingi mno hata ikalika, ukiinyanyua kwenye taa unaona mwanga upande wa pili. Nilipomwambia mpwa wangu hivyo alikaa kimya. Yeye amezoea kwamba jaribio la mia halina gharama tofauti na la kwanza. Kwenye kanda kila jaribio linakwangua kitu, na waimbaji wanajua linakwangua, kwa hiyo wanaimba kama watu wanaotumia mali yao.

Siku ya pili alirudi amejipanga.

"Mjomba, mwaka 1969 wimbo uliotamba kuliko zote Marekani, kwenye hesabu za mwaka za jarida la Billboard, ni upi?"

Nikataja The Beatles. Nikataja Rolling Stones.

"'Sugar, Sugar'. The Archies. Bendi ya katuni, mjomba! Watu waliochorwa!" Akaendelea: mwaka 1967 The Beatles walitoa "Strawberry Fields Forever" na "Penny Lane" kwenye sahani moja, na kule kwao Uingereza hawakufika namba 1, walizuiwa na Engelbert Humperdinck na wimbo wake wa mapenzi.

Nilikagua. Yote kweli. Na hapo lazima nikubali, kwa sababu ndipo watu wa rika langu tunapojidanganya zaidi. Tumeshika ungo wenye mchele wa 1971 uliopetwa miaka hamsini, tunaulinganisha na gunia la mwaka huu ambalo bado lina pumba na mawe. Nani anajua katika gunia hili kuna punje gani? Mchele wa zamani haukupetwa na sisi, ulipetwa na muda.

Akaniwekea pia Billie Eilish, mwimbaji wa Marekani. Albamu yake ya 2019 ilirekodiwa nyumbani kwa wazazi wake, Los Angeles, chumbani kwa kaka yake Finneas, na mwaka uliofuata ikawapa tuzo kubwa za Grammy. Nimeisikiliza kwa hedifoni usiku mzima, na kama fundi naivulia kofia. Anaimba kwa mnong'ono, na mnong'ono huo uko karibu na sikio kuliko sauti yoyote ya 1971, unasikia hata midomo ikiachana. Kanda ya zamani ina mvumo wake, na sauti ndogo namna ile ingepigana nao. Zaidi ya hapo, kazi ile imejaa "ndiyo hii": kuna sehemu ameachwa yeye na besi tu, pembeni patupu, na hawakuogopa kupaacha patupu.

Kwa hiyo inawezekana leo. Tofauti ni kwamba hawa wamejifunga wenyewe kwa hiari, wakati wale wa kanda walifungwa wote, hodari na asiye hodari. Kijana wa kawaida wa 1970, bendi ya mtaani isiyo na jina, alilazimika kujua wimbo wake kabla hajalipia saa ya studio. Kijana wa kawaida wa leo anaujua wimbo wake baada ya mimi kuumaliza. Hicho ndicho tulichopoteza, na naumia nikikisema, kwa sababu mimi mwenyewe ni mmoja wa wanaokiruhusu.

Kuna na suala la haraka. Spotify, ile huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, inahesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukishapita sekunde 30, na wasanii wote wanaokuja hapa wanalijua hilo. "Bro, kiitikio kije mapema." Utangulizi unakatwa, solo linakatwa, daraja, kile kipande cha katikati kinachobadilisha wimbo, linakatwa. Kwenye "Stairway" dramu za John Bonham zinaingia baada ya dakika nne kupita. Nyimbo nyingi ninazochanganya huwa zimeshaisha muda huo. Nikimfungulia mpwa wangu picha ya sauti kwenye skrini, ule wa zamani unaanza mwembamba, unapanda taratibu kama mlima ukiutazama kutoka Mombo, kisha ndio unajaa. Wetu wa wiki hii ni tofali. Umejaa kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, nami ndiye niliyeufyatua, kwa sababu usipojaa msanii anasema wimbo wake una sauti ndogo kuliko wa mwenzake.

Na ule mwendo unaoongezeka? Jimmy Page, mpiga gitaa wa Led Zeppelin, ameeleza kwamba alitaka iwe hivyo, wimbo uende ukipanda. Yeye alikuwa mwanamuziki wa kukodiwa studio kabla ya Led Zeppelin, alijua vizuri kwamba kuongeza mwendo ni mwiko. Aliuvunja kwa makusudi. Gridi ya mpwa wangu iliuona uamuzi huo ikauita kosa.

Nilimweleza pia kuhusu dramu za "When the Levee Breaks", kwenye albamu ileile. Waliziweka chini ukumbini, kwenye nyumba kongwe ya Headley Grange kule Hampshire, penye ngazi ndefu za ghorofa, na fundi wao Andy Johns akaning'iniza maiki mbili juu huko ngazini. Basi. Maiki mbili. Dramu zile zimechukuliwa na kupigwa upya na watu wa hip hop, zikaingia hadi kwenye albamu ya Beyoncé ya 2016. Wimbo wenyewe ulikuwa wa wengine, Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, waliourekodi 1929 baada ya mafuriko ya Mto Mississippi ya 1927. Alivutiwa na habari hiyo kuliko zote nilizompa. Akauliza maiki ziliwekwa umbali gani. Nikamwambia hapa jengoni kwetu tuna ngazi.

Juzi Jumamosi tulizijaribu. Jengo lina ghorofa tatu na ngazi zake ni zege tupu, bila vigae. Kijana anayepiga dramu kanisani alikuja na seti yake kwenye bajaji safari mbili. Tukaiweka chini kabisa, tukafunga maiki mbili kwenye reli za ghorofa ya pili kwa kamba ya manila, tukamwomba mlinzi azuie watu kupita nusu saa. Alipogonga dramu kubwa mara ya kwanza, sauti ilipanda ngazi kama mtu anayekuja kwa hasira, ikafika juu, ikarudi. Mpwa wangu alinishika mkono. Hakuna kitu katika programu zake kinachotoa ule mlio.

Hatukuweka kliki. Tulirekodi mara tatu. Ya kwanza paka alilia, ya pili ilikuwa safi, ya tatu kijana alichangamka, kiitikio cha mwisho kikakimbia. Tulipanda studio tukazisikiliza zote. Mpwa wangu akailaza ya tatu kwenye gridi, akaona inavyoacha mistari, akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akaizima gridi, akaisikiliza tena amefumba macho.

"Ndiyo hii," akasema.

Nikamwambia afute zile mbili nyingine. Alisita, mkono uko kwenye kipanya, akanigeukia kuona kama nasema kweli. Halafu akafuta.