Siku Moja Maishani Mwangu: Siti za Beetle ya Mwaka 1969

Saa 12:30 asubuhi

Karakana yangu ipo Nkuhungu, na mwezi wa Julai hapa Dodoma huja na baridi ya asubuhi pamoja na upepo unaoingiza vumbi hata pale mlango ulipofungwa usiku kucha. Kwa hiyo kabla ya kugusa mkasi, mimi na kijana ninayemfundisha kazi tunafuta meza ya kukatia kwa kitambaa chenye unyevu. Chembe ya mchanga ikibaki chini ya leza, yaani ngozi bandia ya kuvisha siti, itatokeza kama kipele siku leza itakapovutwa juu ya siti, na abiria wakiikalia kila siku itaitoboa.

Gari lililopo ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1969, mali ya mwalimu mstaafu anayetaka ndani parudi kama palivyotoka kiwandani. Njia ya mkato ingekuwa kuvisha kava juu ya siti kuukuu, na kazi ingekwisha kabla ya adhuhuri. Siikubali njia hiyo, kwa sababu siti hujengwa kuanzia kwenye springi kwenda juu, na kava jipya likiwekwa juu ya springi iliyokatika halidumu.

Saa 1:15 asubuhi

Kijana anapiga picha kila pembe ya siti kabla hatujalegeza chochote: mshono unakata wapi, mistari ya leza inaelekea wapi, pindo limekunjwa upande gani. Kisha tunainua siti ya nyuma na kukata umeme wa betri, ambayo kwenye Beetle hukaa chini ya siti hiyo, upande wa kulia. Siti ya dereva tunaichomoa kwa kuisukuma mbele hadi itoke kwenye reli zake.

Saa 2:30 asubuhi

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi bila kujutia. Kava la siti hizi limeshikiliwa na meno madogo ya chuma yaliyo kwenye ukingo wa fremu, na meno hayo ni ya kuinuliwa moja moja kwa bisibisi bapa, kwa maana likivunjika hakuna mahali pa kulipachika jingine kwa urahisi. Kava likishatoka, simruhusu mtu yeyote alitupe, hata kama limepasuka vipande, kwa kuwa ndilo kiolezo changu. Nafumua nyuzi kwa wembe, kipande baada ya kipande, na kila kipande nakiandika kwa chaki nyuma yake: juu, mbele, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia. Mahali vipande viwili vilipokutana naweka alama ndogo ya mkasi pande zote mbili, ili vikishonwa upya visipishane.

Leza ya zamani haiaminiki kwa vipimo vyake vyote. Kadiri miaka inavyopita, mafuta yanayoilainisha huvukiza, hasa gari linapoachwa juani, nayo hukakamaa na kusinyaa. Hivyo nafuata umbo la kipande cha zamani, lakini urefu na upana napima tena kwenye siti yenyewe.

Saa 4:30 asubuhi

Chini ya kava kuna padi ya usumba na nywele za wanyama iliyoshikamanishwa kwa mpira, na chini yake zipo springi. Springi moja ya mbele, upande wa mlangoni, imekatika pale dereva anapojiburuza kila anaposhuka. Nabadilisha hiyo, nakaza zilizolegea kwa waya, kisha kijana anaondoa kutu kwa brashi ya waya na msasa kabla ya kupaka praima. Jua la Dodoma hutusaidia sana katika hatua hii. Juu ya springi tunatandika gunia jipya la katani, kwa sababu padi ikikaa moja kwa moja juu ya chuma husagwa kidogo kidogo mpaka springi itokeze.

Saa 7 mchana

Ugali na mlenda, kisha kazini.

Saa 7:45 mchana

Mwalimu anafika akiwa na bodaboda, na anakuta padi kuukuu imelazwa mezani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Hii takataka si ungeweka sponji mpya tu?"

Namwomba abonyeze katikati ya padi kwa kiganja, kisha aachie. Inarudi juu yenyewe. Namweleza kwamba sponji nyepesi ya godoro hubonyea haraka na kubaki hivyo, ilhali padi hii hupitisha hewa, jambo ambalo atalithamini Oktoba joto litakapopanda. Palipoliwa pembeni nitajaza usumba mwingine na kuunganisha kwa gundi. Anabonyeza mara ya pili, kisha anakubali.

Saa 8:15 mchana

Leza niliyoagiza Kariakoo inakunjuliwa juani kwa muda ili ilainike. Leza yenye kitambaa cha kufumwa mgongoni huvutika zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na ndiyo maana vipande vyote nakata kwa mwelekeo uleule, hata kama mabaki yatakuwa mengi. Uzi ni wa poliesta. Wa pamba huoza, na wa nailoni hudhoofishwa mapema zaidi na jua. Mshono naupa hatua ya milimita 4 hivi, kwa sababu tundu za sindano zikisongamana leza huchanika kwa kufuata mstari wake.

Saa 10:30 jioni

Kuvalisha kava ni kazi ya watu wawili. Tunaanza katikati ya ukingo wa mbele, tunavuta hadi katikati ya ukingo wa nyuma, ndipo tunakwenda mbavuni na kumalizia pembe. Anayeanza na pembe hupata mikunjo isiyotoka. Leza ikiwa bado na joto la jua, mkono unahisi inavyokubali kufuata umbo la padi, kisha tunarudisha meno yote chini.

Saa 11:30 jioni

Mwalimu anauliza kama siti ya nyuma inaweza kurudishwa leo, maana anataka kwenda arusini Kondoa. Namwonyesha betri: kifuniko chake hakipo. Springi za siti ya nyuma zipo karibu mno na vichwa vya betri, na mtu mzito akikaa upande huo chuma kinaweza kugusa, cheche zikaruka na padi kavu ikashika moto chini ya abiria. Beetle zimewahi kuungua kwa sababu hiyo. Siwezi kuirudisha siti hiyo pasipo kifuniko cha plastiki ngumu kilichofungwa kwa mkanda, na namwambia hivyo bila kuzunguka. Anampigia simu mjukuu wake aulizie kifuniko kwa wauza vipuri.

Kesho asubuhi tunaanza siti ya abiria, kwa violezo vilevile vikiwa vimegeuzwa upande wa pili.