Jinsi nilivyotenga mwonekano wa matabaka ya ramani na faili la mradi

Nilikabidhiwa matabaka ya matumizi ya ardhi, barabara na mito, kwa sharti kwamba yaonekane vilevile kwa kila mtu atakayeyafungua, awe anatumia programu ya ramani ya QGIS au ya ArcGIS Pro, au anatazama ramani kupitia seva. Data zenyewe zilikuwa katika shapefile, umbizo la data za ramani ambalo hubeba maumbo na jedwali la sifa tu. Rangi, unene wa mistari na lebo havimo. Mwonekano wote ulikuwa ndani ya faili la mradi wa QGIS, hivyo aliyetumiwa data bila mradi aliona poligoni za rangi moja iliyochaguliwa na programu yenyewe.

Nilianza na QML, umbizo la QGIS lenyewe la kuhifadhi mtindo, yaani mwonekano wa tabaka, na mpaka leo ndilo nakala yangu mama. Ni XML, matini yenye vitambulisho, inayofunguka katika kihariri chochote cha matini, na hubeba karibu kila kitu: alama, lebo, uwazi, mipaka ya skeli, hata fomu za kuingizia data. Kwa sababu ya hizo fomu sikuhifadhi kila kitu kama programu inavyopendekeza. Dirisha la kuhifadhi mtindo linaruhusu kuchagua vipengele, nami nilibakisha alama na lebo pekee, kwa kuwa sikutaka mwenzangu apakie rangi zangu kisha akute fomu aliyoihangaikia imebadilishwa. Faili la QML likikaa katika folda moja na shapefile na kuwa na jina lilelile, QGIS hulisoma yenyewe tabaka linapoongezwa.

Uzuri wa kuwa na matini inayosomeka ulijitokeza pale waliotuletea data walipobadilisha jina la safu ya jedwali la sifa kutoka "aina" kuwa "aina_ardhi", na makundi yote yaliyopakwa rangi kwa kufuata safu hiyo yakatoweka kwenye ramani. Kwa tabaka moja ningechagua safu upya ndani ya QGIS na mambo yakaisha, lakini mafaili yalikuwa mengi. Nilitafuta mstari unaoanza na <renderer-v2, nikabadilisha attr="aina" kuwa attr="aina_ardhi", kisha nikaamuru badiliko hilo lifanyike katika mafaili yote kwa mkupuo mmoja. Jambo jingine la kuangalia ni alama za SVG, yaani zilizo picha za michoro katika mafaili yake: QML kwa kawaida huhifadhi njia ya kuelekea kwenye picha, si picha yenyewe, kwa hiyo nilizipachika ndani ya mtindo kabla ya kuzituma.

Kwa wenzangu wa QGIS nilihamishia data kwenye GeoPackage, faili moja la hifadhidata, na kuhifadhi mitindo humohumo. QGIS hutengeneza jedwali liitwalo layer_styles, lenye safu ya QML, safu ya SLD, na nyingine inayotaja mtindo upi uwe wa kawaida. Faili moja, data na sura yake pamoja. Lipo pia umbizo la QLR, ambalo huunganisha mtindo na njia ya kuifikia data. Linafaa pale ambapo wote wanafungua folda ileile ya pamoja, kinyume na hapo halina msaada mkubwa.

Seva ilikuwa GeoServer, nayo ilihitaji SLD, umbizo la mitindo ya ramani lililo kiwango cha OGC, shirika la viwango vya data za kijiografia. Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu zaidi. QGIS hupima mistari kwa milimita, lakini kipimo cha kawaida cha SLD ni pikseli, ambayo kiwango hicho huihesabu kuwa na upana wa milimita 0.28, hivyo mstari wangu wa milimita 0.26 ulitoka ukiwa pikseli 1. Namna za kuchanganya rangi za matabaka hazikuvuka. Kwa maoni yangu SLD ni umbizo la kusafirishia, si la kutunzia: kila marekebisho nayafanya katika QML, kisha natoa SLD mpya.

Alibaki mwenzangu wa ArcGIS Pro. Umbizo lake la zamani la mitindo, LYR, ni la mfumo wa jozi (binary), halisomeki kwa macho, ila jipya, LYRX, ni JSON, yaani matini inayosomeka. QGIS haiandiki LYRX, kwa hiyo nilimwomba aandae tabaka lenye makundi yaleyale kwa rangi zozote na anitumie faili lake, nami nikajaza rangi zangu kwa skripti fupi. Namba tatu za kwanza za kila rangi, yaani nyekundu, kijani na samawati, zinahamishwa zilivyo, kutoka 0 hadi 255. Ya nne, inayoonyesha kiasi cha kuziba, katika QML hufika 255 ilhali katika LYRX hukomea 100. Kwa hiyo kijani cha msitu kilichoandikwa 34,120,60,255 kiliingia kama 34, 120, 60, 100, na samawati ya mabwawa, iliyokuwa na 128, ikapewa 50.