Taluka za Kachchh: jina moja, milango miwili

Koo zenye asili ya Kachchh, wilaya ya jimbo la Gujarat nchini India, zimetapakaa Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Kampala, na haipiti miaka mingi kabla mmoja wao hajahitaji karatasi ya huko: shamba la babu, cheti cha kifo, au kujua tu kijiji kina watu wangapi. Jibu la kwanza huwa "nenda taluka", yaani ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya. Kisichosemwa ni kwamba taluka ni ofisi mbili zenye kazi tofauti, na wengi hurudi mikono mitupu kwa kupanga foleni kwenye mlango usio wao.

Tuanze na ukubwa, maana neno "wilaya" hutupotosha. Wilaya ya Kachchh, jimbo la Gujarat, ina kilomita za mraba 45,674. Rwanda nzima haifiki 27,000. Kwa hiyo wilaya ya India ni kama mkoa kwetu, na taluka ndiyo inayokaribia wilaya ya Tanzania. Kachchh ina taluka 10: Bhuj, Anjar, Gandhidham, Mandvi, Mundra, Nakhatrana, Abdasa, Lakhpat, Bhachau na Rapar. Mbili zina mtego. Makao makuu ya Abdasa yako Naliya, na ya Lakhpat yako Dayapar. Anayekwenda mji wa ngome wa Lakhpat, alikozaliwa Tharia Topan, mfanyabiashara mashuhuri wa Zanzibar, kutafuta ofisi za taluka atakuta kuta na upepo. Kera, kijiji cha Allidina Visram, mfanyabiashara mashuhuri wa Afrika Mashariki, ni rahisi zaidi: kiko taluka ya Bhuj.

Kwa Mtanzania, milango miwili haihitaji maelezo marefu, kwani tunao mkuu wa wilaya na mkurugenzi wa halmashauri. Kule kuna mamlatdar na kuna ofisa maendeleo wa taluka, anayeitwa TDO. Mamlatdar ni mtumishi wa serikali upande wa ardhi na kodi zake. Hushughulikia rekodi za mashamba, vyeti vya kipato na kadi za chakula. (Jina lenyewe limebeba neno la Kiarabu lililotupa "muamala".) Juu yake yuko ofisa wa prant (sehemu ya wilaya), ambaye huweza kusimamia taluka zaidi ya moja, na juu zaidi Kalekta, mkuu wa utawala wa wilaya, aliye Bhuj. TDO yeye ni mtendaji wa panchayati ya taluka, baraza la kuchaguliwa lenye rais wake, na kazi yake ni barabara za vijiji, miradi ya ajira za vijijini na usimamizi wa panchayati za vijiji. Muundo huu wa ngazi tatu, kijiji, taluka na wilaya, unatokana na marekebisho ya 73 ya katiba yaliyoanza kutumika tarehe 24 Aprili 1993. Gujarat iliongeza sharti lake mwaka 2005: mwenye watoto zaidi ya wawili, kwa masharti ya sheria hiyo, haruhusiwi kugombea panchayati.

Kijijini sarpanch ni kama mwenyekiti wetu wa kijiji, huchaguliwa. Talati-mantri ni kama mtendaji wa kijiji, huajiriwa. Ndiye katibu wa panchayati na ndiye msajili wa vizazi na vifo. Mara nyingi talati mmoja hushika vijiji zaidi ya kimoja na kuwa na siku zake kwa kila kijiji, kwa hiyo uliza siku kabla ya kukodi gari. Siku hizi kuna pia talati wa mapato aliye chini ya mamlatdar. Ukiambiwa "muone talati", uliza ni yupi.

Sasa karatasi yenyewe. Rekodi ya shamba huitwa saat-baar, yaani saba-kumi na mbili, kwa sababu inaunganisha fomu ya kijiji namba 7 na namba 12. Sehemu ya 7 inaonyesha namba ya upimaji, namba ya khata (akaunti ya mmiliki), wamiliki, eneo na aina ya umiliki. Sehemu ya 12 ni mazao. Eneo huandikwa kwa tarakimu tatu zenye vistari, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Ukiona 0-80-94, maana yake ni hekta 0, are 80 (are moja ni mita za mraba 100) na mita za mraba 94, jumla mita za mraba 8,094. Hizo ni ekari 2. Wazee wa kijijini watakwambia ni guntha 80, kwa kuwa ekari moja ni guntha 40. Wote wanasema kitu kimoja. Fomu 8-A inakusanya mashamba yote ya khata moja, nayo fomu namba 6 ni daftari la mabadiliko: nani alirithi, nani aliuza, lini. Kwangu mimi fomu 6 ndiyo yenye thamani kwa anayetafuta ukoo, kwa sababu saat-baar inaonyesha hali ya leo tu.

Nakala hutolewa kwenye dawati la e-Dhara, la rekodi za ardhi za kompyuta, katika ofisi ya mamlatdar, na rekodi nyingi husomeka kwenye tovuti ya AnyROR ya serikali ya Gujarat, pamoja na kurasa za zamani za mkono zilizopigwa skani. Ukiwa na namba ya upimaji ya enzi za babu na haipatikani, usikate tamaa. Gujarat ilipima mashamba upya na vijiji vingi vikapewa namba mpya. Tafuta kwa namba ya zamani, kisha linganisha eneo.

Kuingiza majina ya warithi huitwa varsai. Hati kuu mbili ni cheti cha kifo na pedhinamu, yaani mti wa ukoo unaoandikwa mbele ya talati na mashahidi. Maombi yakipokelewa e-Dhara, notisi hutolewa na wahusika hupewa siku 30 za kupinga kabla ingizo halijathibitishwa. Kinachokwamisha zaidi ni majina. Kwenye rekodi marehemu ameandikwa Karsanbhai, jina la baba, kisha ukoo. Afrika Mashariki "bhai" iliachwa, jina la baba likageuka la ukoo, na karani wa kikoloni akaandika Karson. Kwa ofisa wa taluka hao ni watu wawili. Andaa mapema kiapo kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, na cheti cha kifo cha huku kipitishwe wizara ya mambo ya nje na ubalozi wa India kabla ya kusafiri. Pia elewa hili: mwenye uraia wa nje anaweza kurithi shamba la kilimo, lakini hawezi kulinunua. Hata raia wa India asiye mkulima huhitaji kibali, na kwa Kachchh sheria inayohusika ni ile ya upangaji wa ardhi ya 1958 iliyotungwa kwa ajili ya Vidarbha na Kachchh, si zile zinazotumika Gujarat kwingine. Mawakili wa Ahmedabad huisahau.

Kuhusu watu, sensa ya 2011 iliikuta Kachchh na wakazi 2,092,371, kutoka 1,583,225 mwaka 2001. Gawanya kwa eneo upate watu 46 kwa kilomita ya mraba, kisha usiiamini sana hesabu hiyo, maana sehemu kubwa ya eneo ni Rann, jangwa la chumvi lisilokaliwa. Uwiano wa wanawake kwa kila wanaume 1,000 ulishuka kutoka 942 hadi 908. Ukisoma harakaharaka utadhani sababu ni uchache wa watoto wa kike peke yake. Baada ya tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 serikali ilitoa nafuu ya kodi, viwanda vikafuata, bandari ya Mundra ikakua, na wanaume wakaja kutoka majimbo mengine bila familia zao. Anayetaka kujua habari za watoto aangalie safu ya miaka 0 hadi 6, si jumla.

Kisomo, asilimia 70.59, hupigiwa hesabu kwa wenye miaka 7 na zaidi. Usikizidishe na idadi yote ya watu. "Mfanyakazi mkuu" ni aliyefanya kazi miezi 6 au zaidi katika mwaka. Na "mji wa sensa" ni mahali penye watu 5,000, msongamano wa 400 kwa kilomita ya mraba, na robo tatu ya wafanyakazi wakuu wanaume wako nje ya kilimo. Panaweza kuitwa mji kwenye jedwali huku bado pana sarpanch.

Vijiji vya Wapatel (jamii ya ukoo wa Patel) karibu na Bhuj, kama Madhapar na Baladia, vina kitendawili chao: amana kubwa benki na nyumba nyingi zenye kufuli, wenyewe wako Nairobi na London. Sensa huhesabu waliopo. Kaskazini, nyanda za Banni, mambo ni kinyume. Watu wapo, lakini eneo lilitangazwa msitu wa hifadhi mwaka 1955 huku idara ya mapato (ya ardhi na kodi zake) ikiendelea kulisimamia, na wafugaji wa kule wamepiga kura na kuhesabiwa kwa miongo kadhaa bila saat-baar mkononi.

Sensa ya 2021 haikufanyika. Ijayo ina tarehe ya rejea ya 1 Machi 2027. Ukinakili takwimu za kijiji chochote za 2011, nakili pia namba yake ya sensa yenye tarakimu sita, kwa sababu tahajia hubadilika (Baladia, Baladiya), na vijiji pacha vya Nani na Moti, yaani kidogo na kikubwa, huchanganywa kila siku.