Ijumaa Kuu niliyomuuliza Mungu alikuwa wapi

Mwaka 2022 Ijumaa Kuu ilikua tarehe 15 Aprili na ilitukuta katikati ya Ramadhani, kwa hivyo Malindi nzima ilikua na saumu, Waislamu na yao na sisi Wakatoliki na yetu. Mji ulipoa, vibanda vya chakula vimeteremsha mapazia, na mi na tuktuk yangu tangu asubuhi nilikua nimebeba abiria wanne tu.

Sikua nimesali tangu Januari. Si kwamba nilikua siendi kanisani, naenda, nasimama watu wakisimama, napiga magoti wakipiga magoti, lakini ndani kumekauka kabisa. Nikianza Baba Yetu naona ni kama napigia simu namba iliyozimwa.

Mamangu alifariki mwezi huo wa Januari kwa ugonjwa wa figo. Mara mbili kwa wiki ndo mi nilikua nampeleka hospitali kusafishwa damu, yeye kakaa nyuma na leso yake na rozari mkononi, na hiyo rozari ilikua ishakatika siku nyingi, jirani mmoja mvuvi akaitunga upya kwa mshipi wa kuvulia samaki, sasa kukawa kuna punje moja imepotea kwenye fungu la tatu akatia ushanga mwekundu. Mama akiugusa ule ushanga hata kama kafumba macho anajua amefika wapi. Siku za mwisho alikuja mtumishi fulani nyumbani kutuombea, akasema tukiamini kweli mama atainuka. Tulifunga siku saba. Mama hakuinuka, na baada ya mazishi yule mtumishi akanambia pembeni kwamba imani yetu ndo ilipungua. Mpaka leo sijui mtu anapata wapi moyo wa kumwambia mtoto neno kama hilo na udongo wa kaburi haujakauka.

Basi saa tisa nikaenda ibada. Wanaojua wanajua, Ijumaa Kuu ndo siku misa haiadhimishwi, altare iko tupu haina hata kitambaa, tabernakulo, kile kisanduku cha kuwekea Ekaristi, iko wazi na ndani hamna kitu. Nikaitazama ile tabernakulo nikasema moyoni, hii ni mimi. Watu walipopanga mstari kwenda kubusu msalaba mi nikatoka nje, nikawasha tuktuk nikaenda bila kujua naenda wapi, nikajikuta baharini pale kwenye kikanisa cha Wareno.

Kama hujakiona, ni kadogo sana, kuta za mawe, juu makuti, nje makaburi. Mtakatifu Fransisko Xaveri, yule mmisionari, alipita Malindi 1542 akielekea Goa kule India, na kazi aliyoifanya hapa ni kumzika mtu aliyefia melini. Mi hilo jambo lilikua linanigusa tangu utotoni kwenye mafundisho ya komunio, lakini siku hiyo lilinigusa vingine, kwamba mtakatifu mkubwa vile, siku yake ya Malindi ilikua ya msiba tu. Halafu kuna lile aliloliandika mwenyewe kwenye barua, kwamba mzee mmoja Mwislamu wa heshima hapa mjini alimuuliza kama na huko kwao watu bado wanasali kwa bidii, kwa sababu Malindi kulikua na misikiti 17 na inayosaliwa ilikua mitatu peke yake, na mzee yule limemkaa rohoni hajui watu wamepoa kwenye sala kwa sababu gani. Miaka karibu 500 mtu wa mji huu huu anaumwa na kitu kile kile kilichokua kinaniuma mimi!

Nikakaa chini, kiza kidogo, harufu ya makuti na upepo wa bahari. Nikasubiri nisikie chochote, sikusikia. Ghafla nikajisikia nasema kwa sauti, tena sauti kubwa, "Ulikuwa wapi? Nilikuita siku saba, ulikuwa wapi?" Nikalia mpaka shati likalowa.

Nilipotulia ndo nikagundua, sa hayo si ndo maneno ya kwanza kumwambia Mungu tangu Januari. Na siku yenyewe ndo ile ambayo Yesu msalabani aliuliza mbona umeniacha. Sikupata jibu ila ile simu haikua imezimwa tena, yaani sijui nieleze vipi, nilijua nimesikiwa.

Nikarudi nyumbani jua linazama. Mama jirani, ambae ndo alikua akimkanda mamangu miguu ilipovimba, alikua katandika mkeka barazani, kaimati, tende, uji wa pilipili manga.

"Masalkheri mama."

"Masalkheri mwanangu. Na wewe leo umefunga, njoo ufuturu." Akanitazama macho. "Umelia wewe."

Nikamwambia yote, hata yale maneno niliyoyasema, nikidhani ataniambia nitubu. Adhana ikatoka, akanipa tende, akala yake, akanyamaza kidogo. Akasema, "Mamako usiku akikosa usingizi alikua akinigongea ukuta niende nikae nae. Basi atalalamika kwa Mola wake mpaka alfajiri, nikimwambia subiri dada, ananiambia we niache, huyu tunajuana."

Huyu tunajuana. Mi nilikua nadhani mama usiku alikua analala.

Usiku ule nikatoa rozari kwenye kabati, nikaanza matendo ya uchungu, yale ya kutafakari mateso ya Yesu. Sikumaliza. Nilipitiwa na usingizi kwenye fungu la tatu, asubuhi nikaamka ule ushanga mwekundu bado uko kati ya vidole.