Mpangilio wa nani?

Shemeji alirudisha flashi ya nyimbo niliyompa ya kusikiliza kwenye gari, Jumapili. Aliiweka mezani akasema, "Shemeji, hizi nyimbo umezipanga au umezimwaga?" Nikamjibu kwamba ziko kwenye mpangilio. Akaniangalia. "Mpangilio wa nani?" Halafu akaomba maji ya kunywa kama vile hajasema kitu.

Wiki yenyewe haikuwa haba. Ofisi imehamia ghorofa ya pili, mdogo wangu kajifungua salama, mtoto wa kiume, na ule mvutano wa mkataba niliouandika humu mwezi jana umekwisha. Ila linalonizungusha kichwa usiku ni hilo swali moja. Wa nani? Aliliuliza kwa kebehi, na kinachonichoma ni kwamba ni swali la maana kuliko mengi ninayoulizwa na watu wanaojiita wataalamu.

Maana wimbo mmoja wa MP3 una mipangilio mitatu isiyojuana. Kuna tagi zilizo ndani ya faili: msanii, albamu, namba ya wimbo. Kuna jina la faili. Na kuna nafasi ambayo jina hilo limeandikwa kwenye orodha ya flashi. Simu na kompyuta hufuata ule wa kwanza au wa pili. Redio nyingi za gari hufuata wa tatu, na huo huwezi kuuona kwa macho.

Flashi ya gari kwa kawaida ni FAT32, yaani mfumo wa zamani wa kuhifadhi faili. Humo kila folda ina orodha ya faili zake, na faili huandikwa kadiri zinavyofika: iliyotangulia kunakiliwa hukaa juu. Ukifuta wimbo, nafasi yake hubaki wazi, na wimbo utakaouongeza baadaye unaweza kuingia hapo hapo, katikati ya nyimbo zisizo ndugu zake. Ukifungua folda kwenye kompyuta huoni kasoro yoyote, kwa sababu kompyuta huyapanga majina kwanza ndipo ikuonyeshe. Redio haijisumbui. Inasoma orodha toka juu hadi chini na kupiga.

Kwa hiyo, mpangilio wa nani? Wa aliyewahi kunakiliwa, Shemeji.

Dawa ipo. Formati flashi, kisha nakili albamu moja moja, nyimbo kwa mfuatano. Kuburuta folda nzima kwa mausi hakukupi uhakika wa mfuatano wowote. Kwenye Linux, amri ya kunakili cp *.mp3 hufuata alfabeti kwa kuwa kinyota hugeuzwa kuwa orodha ya majina yaliyoshapangwa. Amri ya cp -r, inayonakili folda nzima, haikupi hakikisho hilo. Kama flashi imeshajaa, kuna programu za FATSort ya Linux na DriveSort ya Windows: hazigusi nyimbo zenyewe, huiandika upya orodha tu. FATSort hutumika baada ya amri ya umount, inayoitenga flashi na mfumo, flashi ikiwa bado imechomekwa, na uangalie vizuri herufi ya kifaa kabla ya kubonyeza, kwani kati ya sda na sdb, majina ambayo Linux huipa diski, ndipo watu wanapopotezea diski zao.

Hata hivyo, mfuatano wa alfabeti wenyewe unahitaji majina yenye adabu. Faili zikianza na 1, 2, 3 hadi 14, mashine nyingi zitapiga 1, kisha 10, 11, 12, 13, 14, ndipo zirudi kwenye 2. Weka sifuri mbele: 01, 02. Kwenye Mp3tag, programu ya kuhariri tagi, chagua faili zote, bonyeza Alt+1, uandike $num(%track%,2) %title%. Hiyo 2 ndiyo idadi ya tarakimu. Dirisha litakuonyesha mfano wa jina jipya kabla hujakubali, usome. Na kama tagi ni tupu lakini majina ya faili ni mazuri, Alt+2 hufanya kinyume chake, hutoa jina la faili na kulijaza ndani ya tagi.

Albamu kupasuka vipande ni ugonjwa mwingine, na huu nauona kwa kila anayeniletea diski. Albamu ina nyimbo 12, simu inaonyesha albamu tano zenye jina lilelile. Sababu karibu kila mara ni sehemu ya msanii: wimbo wa tatu una mgeni mwalikwa, wa saba una wageni wawili, na programu inahesabu kila mchanganyiko kuwa msanii mpya. Wageni waache hapo hapo kwenye sehemu ya msanii. Sehemu ya msanii wa albamu ndiyo iwe sawa toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Kwenye MP3 ni ile sehemu ya tagi iitwayo TPE2, kwenye faili za FLAC ni ALBUMARTIST. Ikiwa ni mkusanyiko wa wasanii mbalimbali, andika hivyo hivyo kwa wote na uweke alama ya mkusanyiko, TCMP, iwe 1. Ukishafanya yote na bado albamu imegoma kuungana, tafuta nafasi tupu mwishoni mwa jina la albamu. Jicho halioni, mashine inaona.

"Umezipanga au umezimwaga." Angalau angesema "zimechanganyika".

Halafu kuna lile la kutia wazimu: unarekebisha jina, unahifadhi, unafungua tena, jina la zamani limerudi. Wengi hudhani programu imeharibika. Mara nyingi faili lina tagi za aina mbili, ID3 (ile ya kawaida ya MP3) mwanzoni na APE (aina nyingine) mwishoni, na kicheza muziki kinaiamini APE. Tagi za APE huachwa na programu kama MP3Gain, ya kusawazisha sauti za nyimbo, ambayo huandika humo vipimo vyake. Futa APE, ubaki na ID3v2.3. Toleo la 2.4 ni jipya zaidi, la mwaka 2000, lakini vifaa vikongwe haviliwezi, na ndipo unapoona herufi zisizosomeka.

Nikiwa kwenye hayo ndipo hasira ziliponishuka, nikaanza kucheka peke yangu. ID3v1, ile ya mwaka 1996, ni baiti 128 tu mwishoni mwa faili. Jina la wimbo lina herufi 30, la msanii 30, na la albamu 30. Ndiyo maana redio nyingine hukata jina katikati. Aina ya muziki imepewa baiti moja. Si neno, ni namba, toka kwenye orodha iliyoanza na aina 80. Taarabu haimo. Na namba sifuri kwenye orodha hiyo ni Blues. Kwa hiyo programu yoyote iliyoacha sehemu hiyo na sifuri bila kujali imeugeuza wimbo kuwa Blues. Ndiyo siri ya mahubiri ya saa nzima, taarabu, na yule mtoto anayekariri hesabu, wote kukaa kwenye folda moja ya Blues. Kwa kweli nilimsamehe Shemeji nusu yake hapo.

Zile za WhatsApp, AUD-20190312-WA0007 na wenzake, zipelekwe kwenye Picard, programu ya kutambua nyimbo ya MusicBrainz. Yenyewe husikiliza wimbo badala ya kusoma jina, huutolea alama kama ya kidole na kuilinganisha na hazina ya AcoustID. Tarehe iliyo kwenye jina la faili isikudanganye, si mwaka wa wimbo. Hatari ya Picard ni kuupeleka wimbo kwenye mkusanyiko fulani wa miaka ya baadaye badala ya albamu yake ya asili, basi kwenye mipangilio ya matoleo shusha uzito wa mikusanyiko, na usihifadhi yote kwa mpigo. Hifadhi albamu moja, itazame, nenda nyingine. Rekodi ambazo hakuna aliyewahi kuziweka kwenye hazina hazitapatikana, na za matamasha hukataa mara nyingi. Hizo ni za kuandika kwa mkono, na kama hujui mwimbaji, bora uache tupu kuliko kubuni.

Picha za jalada: JPEG ya 500 kwa 500 inatosha. Watu hupachika picha ya megabaiti nne ndani ya kila wimbo wa megabaiti nne, kisha wanalalamika simu imejaa.

Flashi iko tayari, imepangwa mipango yote mitatu. Nitampa Shemeji Jumapili bila maelezo.

Mama alisema angepiga simu Alhamisi akitoka kupimwa macho. Leo Jumamosi. Nikipiga, anapokea dada, anasema amelala.