Ramu ya GB 8, kompyuta inaona 3

Jamani, haya yamenikuta wiki hii. Laptopu yangu ya kazi za skuli ilikuwa nzito mno, faili moja la alama za wanafunzi hata chai inapoa halijafunguka. Nikavuka na boti kutoka Pemba, nikaenda Darajani, Unguja mjini, kununua ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8. Muuzaji aliniuliza jambo moja tu: DDR3 au DDR4? (Hilo nililijua, ni aina mbili za ramu. Pengo la kadi haliko mahali pamoja, haziingiliani hata ukilazimisha.)

Nafika nyumbani, naweka, nawasha: GB 8 zimo, zinazotumika 3 na ushei. Nikadhani nimeuziwa mbovu. Roho iliniuma, ile ilikuwa pesa ya akiba.

Kaka mmoja fundi hapa Chake Chake akanambia, "Mwalimu, ramu yako nzima. Tazama Windows yako ni ya biti ngapi." Biti 32! Windows ya hivyo haivuki GB 4, uiongeze ramu utakavyo. Prosesa yenyewe (ubongo wa kompyuta) ni ya biti 64 tangu ilipotengenezwa, na miaka yote hii sikuwahi kuangalia.

Kutoka 32 kwenda 64 lazima uiweke Windows upya kabisa, basi hamisheni mafaili kwanza. Windows 11 laptopu yangu haiiwezi, haina TPM 2.0 (chipu ya usalama), na Windows 10 masasisho yake ya kawaida yalikoma Oktoba 2025. Nimeweka Linux Mint ya biti 64, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. GB 8 zote zinaonekana, na faili la alama linafunguka papo hapo.